Nyundo ya Nje

Wenzake walimwita Kiziwi, na uziwi hakuzaliwa nao. Aliupata ndani ya boila, likabaki sikio moja tu la kusikia kwa shida. Kwa miaka kumi na tisa, kila asubuhi alijipenyeza ndani ya boila la treni, lile tangi la chuma la kuchemshia maji, akachuchumaa gizani na kukandamiza chuma kizito kwenye ribiti, ile misumari minene ya moto, huku mzungu aliye nje akiigonga kwa nyundo. Jamani, hebu tia kichwa ndani ya sufuria halafu mtu aipige! Wa ndani aliitwa msaidizi, wa nje aliitwa fundi. Weusi wote walikuwa ndani.

Na kazi aliijua. Fundi wake, Masharubu, alipokuja na pombe kichwani, walibadilishana kimyakimya, Kiziwi akagonga. Ribiti zake hazikuwahi kuvuja. Alichotaka duniani ni kimoja tu: aitwe fundi, nyundo iwe yake mchana kweupe.

Ndipo chama cha mafundi kikagoma. Katibu wake alikuwa Masharubu, na mweusi hakuwemo hata wa dawa. Siku ya tatu meneja alimwita Kiziwi ofisini, akampa kiti, ajabu isiyopata kutokea. Akamwambia alete wasaidizi wenzake washike nyundo, na yeye tangu leo ni fundi.

Jioni hiyo Masharubu akabisha hodi kwake kwa mara ya kwanza, kofia mkononi. "Tajiri wetu ni mmoja," alisema. "Tusaidie, ndugu yangu. Tukishinda, tumeshinda wote."

Ndugu yangu! Neno hilo lilimlevya. Mkewe alimwonya, "Baba watoto, huyo njia ya kwetu kaijua leo kwa kuwa ana shida." Wapi! Kiziwi alikuwa keshatoka, anazunguka nyumba hadi nyumba kuwasihi wasaidizi wasiingie kazini. Hawakuingia. Walikaa na njaa wiki sita, mkewe akauza cherehani, hadi meneja akasalimu amri.

Mkataba ulibandikwa langoni mwa karakana. Kiziwi aliusoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Mafundi walipata nyongeza. Wasaidizi walipata kipengele cha tisa: nyundo isishikwe na mtu mweusi, hata kwa dharura. Chini palikuwa na sahihi ya Masharubu.

Shukrani ya punda ni mateke, lakini huyu alipiga kwa kalamu. Kiziwi alimfuata penye boila, akamwuliza kwa nini.

Masharubu hakumtazama. "Meneja alikuita wewe," alisema. "Wiki zote sita sikupata usingizi. Ungeingia tu, sisi tungekuwa hatuna kazi. Unaijua mno."

Nyuma yao wasaidizi walikuwa wamesimama, wanangoja Kiziwi aseme neno, maana ndiye aliyewazuia. Nyumbani hapakuwa na unga. Alivua shati, akainama, akaingia ndani ya boila. Tangu siku hiyo hakuna mwenzake aliyemwitikia salamu.