Shangazi na Mashine ya Dripu

Mwaka ule wauzaji wa mashine za dripu walikuwa wanapishana mlangoni kwetu. Mimi ni mhudumu wa wodi ya watoto njiti, kazi yangu kudeki na kubeba mashuka, kwa hiyo mambo ya mashine nayaeleza kama nilivyoyaona tu. Muuzaji wa kwanza alileta moja kubwa kama redio ya kaseti. Ya pili ilikuwa ndogo kidogo, ila maandishi yake hata daktari aliyageuza juu chini. Huyu wa tatu alileta mbili zinazolingana na mkate wa dukani, akasema tukae nazo wiki nzima bure, Ijumaa anarudi kusikia sista inchaji, mkuu wetu wa wodi, anasemaje. Sista akizikubali, zinabaki. Akizikataa, anaondoka nazo.

Mimi nilitaka zibaki, na sitajifanya nilikuwa nawaza wodi yote. Mmoja wa wale njiti alikuwa binti wa mdogo wangu wa kike, mdogo kiasi kwamba soksi ya mwanasesere ilimpwaya.

Kabla ya mashine, sista alikuwa anasimama na saa mkononi, anahesabu matone ya maji ya sukari, anabana kile kigurudumu cha kwenye mpira wa dripu, anakimbilia mtoto mwingine. Nisiwaonee masista, walihesabu vizuri sana. Lakini alikuwa sista mmoja kwa watoto kumi na mmoja, na mtoto akikunja mkono tu matone yanabadilika. Mdogo wangu hakuwa analala. Alikuwa anayatazama yale matone kama mtu anayechunga ng'ombe wa watu.

Jumatatu walimfungia mtoto wake mashine. Sista akabonyeza namba, ikaanza kusukuma yenyewe, polepole, haichoki, haiitwi kwingine. Mdogo wangu alilala mchana ule akakoroma mpaka wazazi wenzake wakaanza kumwigiza. Nilicheka nikakaa chini na ndoo yangu.

Alhamisi akaja shangazi yetu kutoka Misungwi kumwona mtoto. Tukamvisha gauni la wodi, akanawa mikono, akaisalimia na mashine kwa Kisukuma.

"Haiitikii," alisema. "Ina dharau."

"Iko kazini, shangazi," mdogo wangu akamwambia.

"Hata mimi nikiwa shambani naitikia."

Kisha akaniuliza soketi iko wapi. Simu yake ilikuwa imezima, na ukoo mzima ulikuwa unasubiri kusikia mtoto ana sura ya nani. Nilikuwa nimebeba mashuka, nikamwonyesha ukutani kwa kidevu. Hilo ndilo lilikuwa kosa langu la kwanza. Soketi ile ina matundu mawili, moja lilikuwa limekufa, na mimi nilijua. Yeye akajaribu lile bovu, halikupeleka moto, akachomoa plagi ya tundu la pili, ile ya mashine, na kuchomeka ya kwake. Kwao Misungwi chaja zinapokezana hivyo kila siku, hakuna anayegombana.

Mashine ikaendelea kwa betri. Baada ya muda ikalia. Nilikuwa nimemwona muuzaji akibonyeza kitufe fulani ikanyamaza, nami nikabonyeza, ikanyamaza. Nilijiona mtaalamu, hilo sitalificha. Ikalia tena, nikabonyeza tena. Mara ya tatu hivyo hivyo. Mara ya nne ililia kwa hasira, shangazi akashtuka, akarudisha plagi mahali pake na kuificha simu kifuani. Sista inchaji alipoingia, mashine ilikuwa kimya, sisi tumesimama kama kwaya.

Alimpima mtoto, akaangalia namba. Maji yalikuwa yamekwenda sawasawa, hata tone halikupungua.

"Sasa ilikuwa inalia nini?"

Shangazi akakaza mkono juu ya kifua chenye simu, mimi nikaangalia ndoo yangu.

"Mashine inayolia bila sababu siitaki," akasema. "Watu watazoea kelele, siku ya hatari hawatanyanyuka. Kesho azichukue."

Alikuwa na haki kabisa, ndiyo maana roho iliniuma. Mdogo wangu aligeuza kiti chake, akaanza kuutazama mpira wa dripu kama zamani.

Ijumaa asubuhi muuzaji alikuwa amesimama na fomu yake, sista ameshaanza kusema: "Jana imelia mara nne bila sababu."

"Sista, sababu ilikuwepo," nikasema. Sauti ilitoka ndogo. Nikaeleza yote, tundu bovu, kidevu, kitufe. Shangazi nilijaribu kumtaja kwa upole, lakini alikuwepo mlangoni na alitaka kutajwa vizuri.

"Plagi nilichomoa mimi," akasema.

Nilisubiri kufokewa. Badala yake muuzaji akasogea karibu. "Mama, betri ilikaa muda gani?"

"Saa sijui. Ila simu yangu ilitoka sifuri ikafika themanini na mbili."

Muuzaji akaandika hiyo. Aliandika kweli, nilimwona. "Betri sijawahi kupimiwa hivi," akasema, na mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko.

"Na andika kwamba muiwekee tundu la chaja pembeni," shangazi akaongeza. "Mtauza nchi nzima."

Hapo mdogo wangu alicheka, akina mama wote wakacheka na watoto wao vifuani, na sista inchaji akageukia dirishani muda mrefu kuliko dirisha lile linavyostahili. Alipogeuka alininyooshea kidole. "Wewe, ukibonyeza tena kitufe usichokijua, utadeki mpaka ziwani." Shangazi akaambiwa simu zote zinachajiwa mezani kwa sista, kuanzia leo. Kisha sista akamrudia muuzaji. "Kumbe ilikuwa inatuambia, sisi ndio hatusikii. Ziache zote mbili."

Mdogo wangu aliupa ule mpira mgongo, akajinyoosha, akalala. Mimi nikachukua mopu. Nilipofika mlangoni shangazi akaniuliza kwa nini ile kona ya kitanda cha mtoto wetu nimeipitia mara tatu.