Jipu la Nyanya

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, aliuza samaki wa kukausha katika soko la Busia, na pochi yake ilikaa kifuani. Akitaka kurudisha chenji aliingiza mkono kwenye sidiria mbele ya watu wote. Dereva wa lori akikodoa macho, alimwambia, "Boss, angalia samaki. Huku ni benki."

Mimi nilikuwa mtu wa nyumbani. Nilipomaliza sekondari wenzangu walikwenda Nairobi, nami nikarudi jikoni kwa mama, kana kwamba kile cheti kilikuwa cha kusonga ugali. Safari yangu ndefu ilikuwa kwenda kwa shangazi siku ya soko, nikae nyuma ya magunia nile samaki wake, naye anitanie. "Huyu tutamwoza kwa jiko," aliwaambia majirani zake. "Mahari watuletee makaa." Harufu ile ya samaki, ikichanganyika na vumbi la malori ya kwenda Uganda, hata leo ikinipitia puani nageuka kumtafuta.

Alipokaribia umri wa miaka sabini aliniambia kwamba pochi imemfinya. Alikuwa na uvimbe kwenye titi, mgumu kama kokwa, usiouma. Alihamishia pesa kiunoni, akangoja uvimbe uondoke. Haukuondoka. Sokoni kila mmoja alikuwa na lake: huyu alisema ni sarafu, yule alisema ni maziwa yaliyolala tangu mtoto wa mwisho. "Basi nikamueni," shangazi akasema, wakacheka. Mimi peke yangu alinivuta kando, akasema, "Twende hospitali. Wewe umesoma. Wakiongea Kizungu utanitafsiria, nisije nikakatwa kitu bila kujua ni kipi."

Muuguzi aliyetupokea, mama wa makamo, alizungumza Kiswahili kizuri kuliko changu, kwa hiyo Kizungu changu kilirudi nyumbani kama kilivyokwenda. Aliuliza umri, akauliza watoto, kisha akasema, "Kwenu kuna mtu aliyeugua kansa ya titi?"

"Hatuna hiyo," alijibu shangazi.

"Mama yako yuko?"

"Alikufa zamani. Jipu."

"Na dada zake?"

"Alikuwa na mmoja. Jipu pia."

Muuguzi akaacha kumpima. "Mama, hayo majipu yalikuwa wapi?"

Kwetu titi halikutajwa matangani. Mtu alikufa kwa jipu, aliyejua akajua, na sisi wajukuu tuliachiwa hilo jipu hivyo hivyo. Shangazi alinitazama, kisha akaweka kiganja polepole pale kwenye benki yake. "Hapa," akasema. "Wote wawili."

"Jipu huiva, mama. Hili limewahi kuiva?"

Alitueleza kwamba pochi haina kosa, wala maziwa. Umri ukisogea hatari huongezeka, na ambaye mama yake na mama yake mdogo waliugua hapaswi kungoja. Si kwamba kila binti wa nyumba hiyo ataugua, na wengi huugua bila kuwa na mgonjwa mwingine kwao. Halafu akanigeukia. "Na huyu?"

"Mtoto wa kaka yangu."

"Basi na wewe ujiangalie. Damu hupitia kwa baba pia."

Mimi mkalimani nilitafuta benchi nikaketi.

Walimtoa titi moja, na alijua ni lipi. Alirudi sokoni akiwa amekunja kitambaa na kukijaza pale palipobaki wazi, pesa juu yake. "Tumefunga tawi moja," aliwaambia madereva. Aliuza samaki miaka mingi baada ya hapo, na siku ya harusi yangu alidai makaa yake mbele ya wakwe.

Sasa shangazi ni mimi. Mabinti wa kaka zangu wakija likizo, kabla ya chai nawauliza kama wamejiangalia, nao wananicheka kwamba sitoki jikoni ila naingia sidiria za watu. Juzi mdogo wao akaniuliza, "Kwani nyanya yenu alikufa na nini?"

"Titi," nikasema, kwa sauti ya kufika kwa jirani.