Ukuta mnene wa Kisondela: nilidhani skana imekosea, kumbe ndani kuna njia ya mkamwana

Wakuu, shikamooni mnaostahili, na rika langu mambo zenu.

Ninachosimulia siyo chai, yaani siyo stori ya kutunga. Chai huku Tukuyu tunayo mashambani ya kutosha, sina haja ya kuwaletea nyingine humu. Haya nimeyaona kwa macho yangu na bado nikiyakumbuka natabasamu peke yangu.

Mimi ni dada wa Makandana. Kazi yangu ni kuchora ramani za majengo kwa CAD, programu ya kuchorea kwenye kompyuta, nyumbani kwangu, laptop juu ya meza ya kulia. Majirani wengi wanaamini nacheza gemu.

Kwa wasiojua: siku hizi jengo la zamani likitaka kukarabatiwa, hawaji watu na futi kamba. Inasimikwa skana kwenye miguu mitatu, inazunguka inapiga laser kila upande, inarudi na mamilioni ya nukta. Ukiifungua kwenye laptop unaona nyumba nzima imetengenezwa kwa vumbi la nukta. Ndiyo wanaita point cloud, wingu la nukta. Mimi nalikata hilo wingu kama mkate, usawa wa kifua, halafu nafuata nukta kwa mistari mpaka ipatikane ramani ya kawaida ambayo fundi anaielewa.

Kazi tamu sana. Ila ina mitego.

Mtego mkubwa ni huu. Skana haioni ndani ya ukuta. Inaona uso wa huku na uso wa kule, katikati ni giza. Unene wa ukuta unaupata kwa kupima umbali wa nyuso hizo mbili. Shikeni hapo, tutarudi.

Sasa bosi wangu wa Mbeya, msanifu majengo, akanitumia nyumba ya Kisondela. Ya matofali ya kuchoma, ya siku nyingi. Mwenyewe ni Baba Lusekelo, mkulima wa parachichi. Tangu soko lifunguke na wanunuzi wa nje waanze kugombania parachichi letu, baba huyu mambo yake si haba. Kijana wake Lusekelo alikuwa anaoa, na yeye alitaka sebule pana ya kupokelea wakwe. Humo anaishi na mama yake, Bibi Subilaga.

Nikaanza kuchora, mdogo mdogo. Kuta zote za kawaida. Nafika kati ya sebule na stoo, nakuta ukuta mnene karibu sawa na upana wa mlango.

Nikacheka. Nani anajenga ukuta wa hivyo Kisondela, anaogopa mizinga?

Nikasema vijana wa skana wameunganisha vipimo vibaya, stoo imesogea. Nikairudisha stoo mahali pake. Ukuta ukakonda vizuri, ila ukuta wa nje ukanenepa! Nikarekebisha huo, unene ukarudi sebuleni. Ilikuwa kama kufukuza bonge kwenye godoro la pamba, ukilikandamiza huku linatokea kule.

Mwisho nikachoka. Nikauchora mnene kama ulivyo, nikaujaza rangi ya tofali, nikatuma.

Bosi alipoona alifurahi kweli. Akasema huo ukuta hauna kazi, ubomolewe, sebule ipanuke bila kugusa msingi. Baba Lusekelo naye akakubali kwa simu, akaanza kutafuta fundi. Mimi nikatumwa nipeleke ramani iliyochapwa ili familia ione kabla nyundo haijaanza.

Nikapanda bodaboda hadi Kisondela, ramani imeviringishwa ndani ya nailoni, maana mvua ya kwetu haipigi hodi.

Bibi Subilaga alinipokea kwa salamu ya "ugonile" na ndizi za kuchemsha kabla hata sijasema nilichofuata. Tukatandika ramani mezani. Baba Lusekelo akawa anamwonyesha mama yake: hapa chumba chako, hapa stoo. Alipofika kwenye ule ukuta akaupiga kwa kiganja, akasema huu ndio unaoondoka.

Bibi akaacha kutafuna.

"Huo siyo ukuta," akasema. "Hiyo ni njia yangu."

Tukatazamana. Mimi nilifikiri ni uzee. Bibi akainuka, akaingia chumbani kwake, akatuita tusogeze kabati.

Wakuu, nyuma ya kabati kulikuwa na mlango! Mfupi, mwembamba, umejaa utando wa buibui. Bibi akautoa utando kwa ufagio, akainama, akaingia. Tukabaki tunasikia kicheko chake kinatembea ndani ya ukuta.

Tukakimbilia nyuma ya nyumba. Huko njia ilikuwa imezibwa na kuni zilizopangwa hadi juu. Tukazitoa mbio mbio, na Bibi akatokea upande wa jikoni, kilemba kimejaa vumbi, anatucheka.

Pale jikoni ndipo akatueleza. Alipoolewa, mila ilikuwa mkamwana na baba mkwe wasionane uso kwa uso wala wasisemezane. Wenyeji mnaijua hii. Kwa kawaida wazee walikaa kwao, haikuwa shida. Ila mkwe wake alifiwa na mke, akaja kuishi kwa mwanae. Alikuwa mwashi. Kila akikaa sebuleni, Bibi hana pa kupita kwenda jikoni. Akikohoa mlangoni kutoa taarifa kwamba anaingia, Bibi anakimbilia migombani, mvua inyeshe isinyeshe. Siku moja, akiwa na mimba kubwa, aliteleza kwenye tope akaanguka.

Mzee alisikia kishindo. Hakusema kitu, na mila haikumruhusu kusema.

"Nikaenda kwetu kujifungua," Bibi akasema. "Nimerudi, nakuta njia. Ameijenga mwenyewe kwa mikono yake, nipite pakavu. Yule mzee hatukuongea hata siku moja mpaka anazikwa. Neno pekee aliloniambia ni njia hiyo."

Halafu akamgusa Baba Lusekelo begani. "Na huyu ndiye niliyempitisha humo, mgongoni."

Baba Lusekelo alikuwa hajawahi kuisikia. Yeye alikua akiona kabati na kuni tu. Akaenda kusimama kwenye ule mlango wa nyuma, akapima upana kwa mabega yake, hayakuenea. Alipogeuka macho yalikuwa mekundu, ila anacheka.

Akaniambia nipeleke salamu kwa bosi, ukuta haubomolewi. Wakwe watakaa nje chini ya turubai.

Nilirudi na vipimo vya ndani, nikachora upya. Ule mstatili wa tofali ukafunguka ukawa njia yenye milango miwili. Bosi akauliza tuiandike korido? Nikamwambia hapana. Nikaandika: NJIA YA MKAMWANA.

Funzo langu ni dogo. Siku hizi nikikutana na ukuta nisiouelewa, namuuliza mwenye nyumba kabla ya kuujaza rangi.

Kwenye harusi nilialikwa. Bibi harusi alikuwa ameshasimuliwa yote. Mchana Baba Lusekelo akaja na wageni wake kuwaonyesha sebule, akasimama mlangoni, akakohoa kwa nguvu, makusudi.

Halafu ndani ya ukuta tukasikia viatu vya harusi vinakimbia kuelekea jikoni, na binti anacheka mpaka anakosa pumzi.

Bibi Subilaga alipiga kigelegele ambacho nadhani kilifika Ibighi.

Haya wakuu, kwenu kuna nyumba yenye kitu ambacho ramani haiwezi kukieleza? Kishusheni hapa tukisome.