Okidi za Bi Salha

Mwarobaini uliotwangwa una harufu chungu inayokaa kooni, na kila ninapoisikia nachoka kabla sijafanya lolote. Ndiyo harufu ya kibaraza chetu cha Kinyerezi, mwaka ule Bi Salha, jirani yetu mwenye duka, alipokwenda Tanga kwa ndugu zake kutibiwa. Kabla hajaondoka alimkabidhi mama okidi zake zote, maua yaliyopandwa kwenye vifuu vya nazi na kuning'inizwa kwa waya. "Mwalimu, hizi ni amana," alisema. "Nikirudi nizikute." Mama akazipokea kwa mikono miwili, na tangu siku hiyo nyumba yetu haikuwa na raha.

Mama alifundisha shule ya msingi, mtu wa Upare, na kwake kupenda kitu ni kukisafisha. Barabara yetu ilikuwa ya vumbi, malori ya mchanga yakipita kutwa. Kwa hiyo kila asubuhi alichovya kitambaa kwenye ndoo, akafuta okidi jani kwa jani, kifuu hadi kifuu, kama alivyofuta makochi ya sebuleni. Ziling'aa kwelikweli, na wageni walisifu. Kisha majani ya okidi moja yakapauka, yakawa na vidoa kama yamechomwa sindano, na haukupita muda zote zikawa hivyo. Mama alidhani ni vumbi, akazidisha kufuta. Siku alipokung'uta jani juu ya karatasi nyeupe, vumbi jekundu likaanza kutembea. Ulikuwa utitiri, na kitambaa chake ndicho kilichokuwa kikiuhamisha kutoka okidi moja hadi nyingine. "Nimeziua mwenyewe," alisema, akakaa kwenye ngazi. Sikuwa nimewahi kumwona mama akishindwa na kitu, nikaogopa.

Kilichofuata kilikuwa kazi isiyo na shukrani. Kitambaa kilichomwa pamoja na takataka. Kila jioni, baada ya kusimama darasani kutwa, mama aliosha majani upande wa chini kwa povu la sabuni ya mche, kila okidi na maji yake, kisha akanyunyizia maji ya mwarobaini niliyotwanga mimi. Bomba lilikuwa halitoi, maji tulinunua kwa madumu, na baba alilalamika kwamba maua yanaoga kuliko yeye. Tukidhani utitiri umekwisha, utando mwembamba ulionekana tena kwenye kikonyo. Moja baada ya nyingine, okidi zikapukutika. Mama akaacha kabisa kulitaja jina la Bi Salha, na simu ikiita aliichungulia kwanza kabla ya kupokea.

Bi Salha alirudi amekonda, akitembea kwa kushika ukuta. Mama alivaa gauni la kanisani, akampelekea okidi moja iliyobaki, nami nyuma yake. Alieleza yote, kitambaa na ndoo, bila kujitetea. Bi Salha alilaza jani kiganjani, akaligeuza, akanusa.

"Umehangaika, Mwalimu," alisema. "Kaa nayo. Mie siku hizi hata kikombe nashikiwa."

"Hapana, Bi Salha. Ni amana yako."

"Basi nitunzie."

Mama alirudi nayo akilia njia nzima, na njia yenyewe ilikuwa kuvuka barabara tu.

Bi Salha tulimzika masika yaliyofuata. Sasa naishi Mbezi Beach, maji yapo bombani, mbele ya nyumba kuna lami, na duka la pembejeo lina dawa ya utitiri kwenye chupa. Kila kitu kimekuwa rahisi, na bado nachoka, kwa sababu kila kiangazi wadudu hurudi kwenye okidi ile. Mama nakaa naye, macho yake hayaoni vizuri, lakini hupapasa majani kwa chini na kuniuliza kama ni safi. Juzi mwanangu alimwambia, "Bibi, ua lako limechanua." Mama aliondoa mkono upesi.

"Si langu," alisema. "La Bi Salha. Mimi nimeachiwa tu."

Nikaenda kuchukua sabuni.