Wifi Haishiki

Mtaani walimwita Mawingu, kwa kuwa hata akizungumza nawe, macho yake huelea kwingine. Alikuwa fundi wa kompyuta, na karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba aliyoishi na mke wa kaka yake. Watu husema mawifi ni paka na panya. Hawa walikuwa chanda na pete. Kaka mtu alikuwa mbali, kwenye kazi za ujenzi, na kila Jumapili alasiri walionana naye kwenye kioo cha kompyuta.

Jumapili hiyo mvua ilinyesha polepole, nyumba ikawa kama imezama chini ya maji.

"Wifi," akaita mke wa kaka, "wifi haishiki."

"Wifi gani tena? Mimi mbona nipo."

Wakacheka. Asubuhi Mawingu alikuwa amesasisha mfumo wa ile kompyuta, sasa akahisi kuna kitu hakikuamka. Chini ya yote tunayoyaona kwenye kioo kuna kiini cha mfumo, nacho hupakia moduli, vipande vya programu vya kuongea na vifaa: hiki na spika, kile na redio ndogo ya ndani inayoshika wifi. Ni zipi zilizopakiwa? Kuna faili la kuuliza, na Mawingu alilipenda kuliko yote. Ukilipima, ukubwa wake ni sifuri. Kwenye diski halimo. Ila ukilifungua tu, kiini kinakuandikia papo hapo: jina la moduli, ukubwa wake, vingapi vinaitumia, kama i hai au bado inapakiwa.

Akalifungua. Wifi yake akaegemea bega lake.

"Na hizi sifuri nyingi mwishoni?"

"Ni anwani, pale moduli ilipokaa kwenye kumbukumbu. Nimeingia kama mtumiaji wa kawaida, basi kiini kinanificha. Kinanitajia aliyemo, chumba chake hakinioneshi. Huoneshwa msimamizi."

"Kina adabu zake."

Moduli ya redio haikuwemo. Mawingu akaingiza nywila ya msimamizi, akaipakia, akalifungua faili upya. Hiyo hapo, juu ya zote, hai. Mtandao ukashika.

Uso wa kaka ukaja, ukikatika kidogo. "Nipo. Mzima." Siku hizi hakuwa na zaidi ya hayo.

"Kaka, mbona ukuta umebadilika?"

"Taa tu, mdogo wangu."

Mawingu akamtazama wifi yake, akaona naye anautazama ukuta ule. Akainuka. "Naenda kuangalia ndoo, isije ikafurika."

Alisimama barazani, maji ya mchirizi yakiimba ndani ya ndoo. Dirishani zilimjia sauti mbili zisizo na maneno, ya kiume ikishuka, ya kike ikingoja.

Aliporudi, simu ilikuwa imekwisha.

"Kakuambia?"

"Kaniambia. Kile chumba alichopanga kilibomolewa. Analala stoo, kazini. Kakuonea haya, wewe mdogo wake."

"Ukamjibuje?"

"Arudi nyumbani. Kazi za kujenga hata huku zipo."

Mwisho wa mwezi akaja kweli, na begi moja lililochakaa. Alikula, akajinyoosha, akalala mchana kutwa. Mawifi wakawa wanatembea kwa ncha za vidole, wakinong'onezana, kana kwamba wameingia ndani ya ndoto yake na hawataki kuiamsha.