Upepo wa Ubavuni

Ipo siku moja, mwanangu, naikumbuka hata nisipotaka. Nilikuwa na miaka ishirini na nane, nafukuza korongo kwenye kiwanja kidogo cha kufundishia urubani, kando ya ziwa, ng'ambo ya Buhongwa. Shule niliishia darasa la nne. Zana zangu zilikuwa kopo, jiwe na kelele.

Alasiri ile korongo hawakukimbia. Walisimama pembeni mwa njia ya kurukia, wengi, kimya, wote wameelekeza nyuso ziwani. Nilipiga kopo mpaka mkono ukachoka. Hakuna aliyegeuza hata shingo. Sisi tunaoshinda nao tunajua kwamba korongo akisimama hivyo, anaukabili upepo. Basi upepo ulikuwa unaikata njia ubavuni. Na ule mfuko wa kitambaa unaowaonyesha marubani upepo ulikuwa umejisokota kwenye nguzo, kama sanda.

Nilisema? Nilisema nusu, kwamba mfuko umejisokota; la upepo nikalibakiza. Kapteni Mugeta, mwalimu wa urubani, na jina nalitaja maana aibu ni yake, alicheka.

"Wewe Masanja shughulika na hao wenye manyoya. Huo mfuko utaufungua tukirudi. Panda nyuma, leo nataka ndege iwe na uzito."

Mwanafunzi wake, Sostenes, kijana mpole sana, alinifunga mkanda mwenyewe. "Kaka, tukipita juu ya Igoma chungulia kama shemeji anapika, au yuko kwa jirani."

Nikacheka. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi la mkuu nililisikia, nikalitii, na guu lenyewe ndilo hili naliburuta.

Tuliporudi upepo ulikuwa umezidi. Ndege ilishuka pua ikitazama ziwa, mwili ukienda njiani, kama mtu anayekujia huku uso kaugeuzia pembeni. Chini, korongo walewale, hawajasogea hata hatua. Kapteni alikuwa anaandika ujumbe kwenye simu. Neno likanijaa mdomoni, nikalimeza. Nikajiambia, waliosoma wanajua.

Magurudumu yakagusa. Sostenes akashusha pumzi, akalegeza miguu kwenye pedali za kuinyoosha ndege, akanigeukia.

"Tumefika, kaka!"

Alikuwa bado anatabasamu upepo ulipoinua bawa. Ndege ikajigeuza yenyewe kuelekea ziwani, taratibu, kana kwamba kuna mtu ameishika mkia. Kapteni alipokamata usukani tulishatoka njiani. Mtaro ukatupindua.

Tulining'inia vichwa chini, mafuta yakidondoka, tone, tone. Sostenes akanitazama, akauliza kwa sauti ya mtu aliyeamshwa usingizini, "Tumefika?"

Nikamwambia tumefika. Hakusema tena.

Kapteni alitoka na mkwaruzo wa shavu. Alipohojiwa akasema kijana alikosea. Mimi sikuulizwa, nani atamuuliza mfukuza korongo?

Aliyeniuliza ni baba yake Sostenes, mzee mfugaji. Alinikuta wodini. Nikamwamkia shikamoo, hakuitikia. Nikamweleza yote, korongo, mfuko, simu. Hakulia.

"Mwalimu hakuangalia," akasema. "Mwanangu hakujua. Wewe uliona."

Akaondoka bila kuniaga. Kwa hiyo nikimtaja Mugeta, jina la pili nataja langu.

Shika haya, mwanangu. Usimtukane mamba kabla hujavuka mto, na ukishavuka, usikae ukingoni ukachezesha miguu majini. Jambo halijaisha kwa sababu limegusa ardhi. Lishikilie mpaka lisimame kabisa, wengi wameangukia hapo mwishoni. Na ukiona hatari, iseme kwa sauti, useme tena, hata kwa mwenye nyota mabegani. Atakucheka, naam. Kicheko mtu hupona.

Mungu akujalie umri mrefu, mwanangu, na usiku wenye usingizi.