Marobota ya Marijani

Mimi sikutaka aje na mtoto. Nilimwambia Mwanahija waziwazi tukiwa bado Dar: Guangzhou si mahali pa kumtembeza mtoto wa miaka saba. Sisi wafanyabiashara tukifika huko tunatembea mpaka nyayo zinawaka, na chakula tunakula wima. Akanijibu kwa upole wake ule unaoniudhi, "Dada Domina, mtoto hataki kuamini. Lazima aone."

Alichokataa kuamini Muzdalifa ni kwamba baba yake amekufa. Marijani alifia Guangzhou mwaka 2004, kwa homa ya siku tatu, akazikwa na Waislamu wenzake kabla mkewe hajapata viza. Mwanahija akakaa eda nyumbani kwao Magomeni, ikaisha, akaishika biashara ya mumewe kama alivyoiacha: wauzaji walewale, ghala lilelile, na alama ileile ya mzigo. Kila mfanyabiashara anayenunua China ana alama yake, inaandikwa kwa wino mweusi juu ya robota ili lisipotee ndani ya kontena. Yao ilikuwa MARIJANI DSM.

Sasa mtoto akajua kusoma. Kila baada ya miezi michache gari linashusha marobota mlangoni, na kila robota lina jina la baba. Wewe ungemwambia nini? Madrasa aliwaambia wenzake kwamba baba yuko China, ndiye anayetuma mizigo, na mama huwa anakwenda kumtembelea.

Basi mwezi wa kumi, 2007, tukaja watatu. Siku ya kwanza Mwanahija aliacha shughuli zote, akampitisha mtoto kila mahali Marijani alipopapenda, nami nikawafuata, maana mdomo wangu mkali lakini roho yangu nyepesi. Tulianza na msikiti wa kale wenye mnara wa duara, ambao wenyeji wanasema umesimama karne na karne. "Baba alikuwa anaswali Ijumaa hapa," Mwanahija akasema. "Viatu alikuwa anavua pale." Mtoto akaenda kutazama viatu vilivyopangwa mlangoni. Akavitazama kimoja kimoja mpaka mwisho wa mstari, na mimi nikageuza uso.

Kutoka hapo tulipanda kilima chenye sanamu ya mbuzi watano. Marijani alipiga picha pale, ipo sebuleni kwao mpaka leo. Muzdalifa akasimama palepale aliposimama baba yake, mikono nyuma, akaangalia kule alikokuwa akiangalia. Akauliza nani alimpiga picha ile, na mtu huyo yuko wapi sasa.

Niseme kweli, mji ulinitisha siku ile. Miaka mitano nakuja huku na sijawahi kuogopa kitu isipokuwa lifti. Lakini ukitembea na mtoto anayemtafuta marehemu, na wewe unaanza kumwona. Kwenye kichochoro cha nyuma ya msikiti alitupita mwanamume mrefu mwenye kofia ya kiua, bega moja limeshuka, mwendo wa Marijani mtupu. Muzdalifa akamkimbilia. Yule mtu akageuka, sura ngeni kabisa, akatabasamu na kwenda zake. Mwanahija naye alikuwa ameshapiga hatua tatu upande ule. Nilidhani anamfuata mtoto.

Alasiri tukapita kwenye maduka ya jumla ya mtaa wa Guangyuan Xilu kuagiza jinzi. Wachukuzi wanapita na marobota, unabanwa ukutani mpaka wamalize. Ghorofa ya tatu, dada mmoja muuzaji alipomwona Mwanahija akapaza sauti kwa furaha, "Malijani! Laoban Malijani!" Yaani bosi Marijani. Sokoni wote humwita hivyo, kwao mteja ni lile jina lililo kwenye mzigo. Akauliza kwa Kiingereza chetu cha dukani, mume yuko wapi, mbona haonekani siku nyingi?

Mwanahija hakupepesa macho. Akamjibu kwa Kiingereza hichohicho kwamba mume yupo Dar, hajambo, ana kazi nyingi.

Mtoto hakuelewa, lakini mimi nilielewa. Tulipotoka nikamvuta kando. "Shoga, umemleta mtoto huku kote ajue ukweli, halafu unasema yupo?"

"Biashara, dada. Wakijua sina mume watanichezea."

Hata mimi nimewahi kuzua mume sokoni.

Kesho yake asubuhi tukakodi gari mpaka makaburi ya Waislamu, pembezoni mwa mji. Mzee wa Kichina mwenye kofia nyeupe alitufungulia lango, akatutolea salamu, na maneno tunayoelewana yakaishia hapo. Tukasimama tukimngoja Mwanahija atangulie. Hakutangulia.

"Mama, ni wapi?" Muzdalifa akauliza.

"Sijui."

"Si huwa unakuja China?"

"Nakuja, mwanangu."

Mara tisa. Nilizihesabu palepale, mara tisa tangu afiwe, na hakuwahi kukanyaga pale. Ijumaa zile alizokuwa akiniaga kwamba ana shughuli zake, mimi nilijua anakwenda kwa mumewe. Nilipandwa na hasira, na papo hapo nikamwonea huruma.

Mzee akaleta daftari, tukalipekua pamoja. Kwenye ukurasa mmoja kulibandikwa nakala ya pasipoti yenye sura ya Marijani, na kando yake namba 318. Akatupeleka kati ya mistari ya makaburi hadi kwenye jiwe dogo la kijivu. Maandishi yote ya Kichina, chini yake namba.

Mwanahija akatikisa kichwa. "Silo hili. Mzee amekosea, hapa hapana jina lake." Alisema harakaharaka, kwa sauti anayotumia kukataa bei. "Twendeni. Tuna safari ya Zhongda leo, vitambaa havitatungoja." Akageuka, akaanza kuondoka.

Muzdalifa hakuondoka. Alichuchumaa, akaweka kidole juu ya jiwe, akasoma: tatu, moja, nane. Akamwendea mzee, akamwonyesha kwa mkono afungue tena daftari, akasoma tena. Akaitazama ile picha ya pasipoti kwa muda mrefu. Nilijiandaa kumkumbatia, ila hakulia. Alimkimbilia mama yake njiani, akamshika baibui.

"Mama, ni pale. Namba ni ileile."

"Muzda, twende."

"Mama. Baba amekufa."

Aliyasema taratibu, kama watu wazima wanavyompasha mtu habari ya msiba. Mwanahija akasimama. Akakaa chini njiani, akamtazama mtoto usoni.

"Lini?" akauliza.

"Zamani, Mama," Muzdalifa akamwambia. "Zamani."